Wanaopita Kichwa Chini

Kisangani, Tshopo, wakati wa mvua

Mama yangu mpenzi,

Kwanza kabisa, kifua chako kinaendeleaje? Najua baridi ya Butembo inavyokuamsha asubuhi na kukukohoza mpaka majirani wanakusalimia kupitia ukutani. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa karibu na moto, na dada yangu Masika yuko kando yako anakusomea. Masika, soma polepole, usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka katekisimu. Viazi vya juu mlimani vimetoka? Shemeji Kavira na watoto wa kaka Paluku wanapata chakula? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini huku kila mtu amekonda, kwa hiyo hakuna anayenishangaa. Habari ya Paluku nitaifikia, Mama. Najua ndiyo unayoingoja, lakini niruhusu nianze na ile uliyonigombeza.

Tonton Kasereka alifika salama. Alishuka kwenye ndege ya mizigo akiwa amejaa vumbi la maharage, akatembea mpaka hapa Tshopo, na kabla hajaomba maji alinipa ujumbe wako palepale mlangoni. Unamjua mdogo wake Papa, hajui kusema chini. Soko zima lilisikia: "Mama yako anasema hivi: yeye alizaa mutoto mukristu, hakuzaa mulozi! Ile depo ya baba yako, funga. Rudia nyumbani. Kama hautaki, basi usimuite tena mama!" Wauza majani ya pondu wakaacha kuuza. Mmoja aliniuliza kama kweli nina mama mkali hivyo, nikajibu kwamba huyo ni mjumbe tu, mama mwenyewe hamjamwona.

Nilicheka, lakini usiku ule sikula. Kwa hiyo habari imefika hadi Butembo: kwamba Kambale, mtoto wako wa pili, amegeuza depo ya marehemu Papa kuwa nyumba ya kuita wafu, kwamba watu wanaketi gizani na wafu wanapita ukutani miguu juu. Wanasema lisemwalo lipo. Hili halipo, Mama. Ila kuna watu kweli wanaopita ukutani miguu juu, na hapo siwezi kukuficha. Ndiyo maana nataka nikueleze toka mwanzo, ukimaliza kusikiliza uamue mwenyewe kama bado una mtoto wa pili.

Depo hujawahi kuiona, wewe ulibaki na mashamba Papa alipokuwa anaijenga. Ni nyumba ya matofali ya saruji, haina dirisha hata moja, kwa sababu Papa aliogopa wezi kuliko alivyoogopa joto. Ina mlango mmoja wa chuma unaotazama barabara, na ukuta wa nyuma umepakwa chokaa nyeupe. Zamani ilijaa maharage, viazi na samaki wa chumvi wa makayabu mpaka mtu alitembea kwa ubavu. Njia ya kwetu ilipofungwa, mali ikaisha. Paluku akachukua chumvi na sabuni zilizobaki, akazifunga kwenye baiskeli, akaenda Opala kuzibadilisha na mchele na mafuta ya mawese kwa watu wa mto Lomami. Alisema atarudi kabla chumvi yangu ya jikoni haijaisha. Nyuma yake vita ikahama, njia ikakatika, na mimi nikabaki na depo tupu na brashi yangu ya kuandika vibao vya maduka. Nani anaandikisha kibao wakati wa vita? Kinyozi mwenyewe alikuwa anaficha mkasi wake.

Kisha zikaja zile siku mlizozisikia kwenye redio. Majeshi mawili ya wageni yaliyoingia hapa kama ndugu yakagombana, na mahali pa kugombania pakawa juu ya vichwa vyetu. Mabomu yaliangukia hapa Tshopo, yakavuka na kurudi. Nilijifungia ndani ya depo pamoja na Prof. Huku kila mwalimu wa sekondari anaitwa prof, na huyu anafundisha fizikia; alikuwa amepanga chumba nyuma ya uwanja wetu, na chumba chake kilikuwa cha udongo, kwa hiyo alikuja na mkeka wake kujificha kwenye matofali ya Papa. Ni mtu mfupi, mkavu, mwenye hasira za karibu. Nilikuwa simpendi sana. Tulilala chini kifudifudi juu ya magunia, mimi nasali rozari, yeye anatukana kwa Kifaransa.

Risasi moja ikatoboa mlango. Iliingia kwenye kimo cha kifua, ikapita juu yetu, ikazama kwenye rundo la magunia. Hatukuguswa. Mchana mizinga ikanyamaza kidogo, jua likatoka, nikainua kichwa. Mama, ukutani kulikuwa na watu. Walikuwa wanakimbia na ndoo, miguu yao iko juu, vichwa viko chini, na chini ya vichwa kulikuwa na anga, kama vile wanataka kudondokea humo. Walikuwa na rangi zao zote. Niliona pagne nyekundu kiunoni mwa mwanamke, niliona majani ya migomba yakining'inia kinyume. Nilijua moja kwa moja kwamba nimekufa na kwamba hao ni wenzangu. Nikaanza Salamu Maria kwa sauti.

Prof akanivuta mguu. "Nyamaza, utaita maaskari. Hii haiko miujiza. Hii iko inje, barabara yetu. Mwangaza inapita mustari moja sawa, haijue kupinda kona. Ile ya juu inaingia na tundu, inashuka. Ile ya chini inapanda. C'est tout, ni hivyo tu."

"Prof," nikamwambia, "watu wanakufa inje, na wewe unafundisha?"

"Wanakufa, ndiyo. Lakini angalia muzuri. Hawa bado. Hawa wako wanakimbia."

Tukabaki tunaangalia ukuta hadi mizinga ikaanza tena na watu wakatoweka. Niliogopa kama mnyama, na wakati huohuo sikutaka ile picha iishe.

Ilipokwisha vita ile, tulitoka tukazika. Makaburini hakukufikika, kwa hiyo watu walizikwa nyuma ya nyumba, kati ya mihogo, na mpaka leo ukitembelea mtu hapa unaangalia kwanza unakokanyaga. Shule zilibaki zimefungwa. Watoto walikuwa wanaokota vyuma vya mabomu kuchezea. Ndipo siku moja Prof akaja akasimama mbele ya mlango wetu uliotobolewa, akaweka jicho kwenye tundu, akasema: "Kambale, weye uko na pinceau. Mimi niko na craie ya kuandika ku ubao. Depo iko na tundu. Alors, tufungue centre. Ya art na ya science, pamoja, bila kutenganisha." Nilimcheka mpaka akakasirika. Kesho yake nilianza kupaka ukuta chokaa mpya.

Huo ndio ulozi wetu, Mama. Matundu mengine ya mlango, yaliyoongezwa na risasi za baadaye, tuliyaziba kwa sabuni, tukaacha moja. Kwa sababu ya amri ya kutotoka jioni, tunafanya kazi mchana, jua likiwa limevuka nyuma ya depo na kuangaza barabara. Watu wanaingia, tunafunga mlango, wanazoea giza, na barabara yao inakuja ukutani. Prof anawaeleza mwangaza. Anawaambia jicho la kila mmoja wao ni depo ndogo yenye tundu moja, na kwamba ndani ya jicho sisi sote tunaonana kichwa chini, ila akili inatugeuza bila kutuomba ruhusa. Wazee wanakataa. Wanasema wao wamewaona wake zao wima tangu siku ya kuoa.

Na mimi nina kazi yangu. Jirani yetu Mama Zaina, mshonaji, mwanamke Mwislamu wa zile familia ambazo babu zao walifika huku na misafara zamani za pembe za ndovu, alinishonea magunia ya unga yakawa kitambaa kikubwa. Ninakitundika ukutani, mtu anasimama nje juani, mimi namfuata kwa makaa, mstari kwa mstari, kichwa chini. Tukimaliza tunageuza kitambaa, mtu anasimama kwa miguu yake. Sijawahi kuchora nyuso kama hizo nilipokuwa nachora vibao. Wanakwaya wa parokia nao wakaja kucheza michezo yao barabarani, huku watazamaji wako ndani. Mwanzoni walilalamika kwamba watu wanacheka mahali pa kulia. Mpaka wakajifunza: anayetaka kuonekana anapanda mbinguni, huku nje inabidi achuchumae. Siku ile nilicheka nikasahau njaa.

Sasa nikwambie tulipokosea. Kosa ni langu, maana ni la kibao. Prof alitaka jina la Kifaransa refu kama mto Lomami, lakini bati nililopata lilikuwa fupi. Nikaandika kwa herufi nzuri za bluu: NYUMBA YA VIVULI. Kwangu kivuli ni kile kinachokufuata juani na kile unachopumzikia. Nakuona kutoka huku unatikisa kichwa, Mama. Hata kwetu kivuli ni mtu aliyekufa ambaye bado hajaondoka, na mimi mwenyewe nilikua nikiogopa hivyo vivuli njiani kwenda kisimani. Lakini mtu anayeshika brashi anaona herufi tu. Haikupita muda akaja mzee mmoja, akavua kofia mlangoni, akamtaja marehemu mke wake kwa jina la ubatizo, akauliza kama aje leo au kesho.

Nikaondoa kibao nikiwa na aibu, nikaandika upya: NYUMBA YA MWANGA. Nilifikiri nimemaliza. Mama Zaina akatoka kwake na futi ya kupimia shingoni, akasoma, akapiga mikono. "Kambale! Nani alikufundisha Kiswahili? Kwa bibi yangu mwanga iko mutu ya kucheza uchi ku makaburi! Umefukuza vivuli, sasa unaleta mulozi yao?" Niliruka majivu, nikakanyaga moto. Nikakwangua tena. Sasa bati ni la bluu tupu na halisemi kitu, lakini jina lilishatoka kwenye bati likaingia midomoni. Mji mzima unasema kwa Lingala ndako ya bilili, nyumba ya vivuli, na rangi ya kufuta midomo ya watu sina.

Hata hivyo jina peke yake lisingefika Butembo. Aliyelifikisha ni Mama Justin.

Mwanamke huyu anakaa barabara ya pili kutoka kwetu. Mtoto wake Justin aliuawa na bomu akitoka kuchota maji, akazikwa karibu na jiko lao. Alikuwa anakuja kila mchana, anakaa kwenye benchi la mbele, hasemi na mtu. Tulimwacha. Siku moja Prof alikuwa anaeleza rangi, watu wametulia, na ukutani wanapita wapitaji wa kawaida, mwenye beseni, mwenye mbuzi. Mara akapita kijana wa shati la njano, akitembea taratibu, miguu juu. Mama Justin akasimama, akamwita mtoto wake kwa Lingala. "Mwana na ngai! Justin! Ni shati yake! Ni shati yake!"

Watu wote walipiga kelele. Yeye akaruka mabenchi, akafungua mlango kwa nguvu. Na mlango ukifunguka, Mama, jua lote linaingia na picha inakufa palepale, ukuta unabaki chokaa tu. Kwa hiyo waliobaki ndani waliona kwa macho yao: Justin alikuja, mama yake akakimbia kumshika, Justin akatoweka. Nenda ukawaambie kitu kingine.

Mimi nilitoka nyuma yake. Nje alikuwa amesimama kijana mmoja wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli; tairi ilikuwa imepasuka na alikuwa anaisukuma nyumbani. Alikuwa rafiki wa Justin. Shati alipewa na Mama Justin mwenyewe siku ya kumaliza matanga, nguo za marehemu zilipogawiwa, na alikuwa analivaa kwa heshima. Mama Justin alimtazama, akamtambua. Akalishika lile shati kwenye ukosi, akalinyoosha kama anavyofanya mama anayempeleka mtoto misa. Kisha akakaa chini kwenye kizingiti chetu akalia, na kijana akabaki amesimama na baiskeli, hajui kama aende au abaki. Mimi pia sikujua.

Kesho yake barabara ilijaa. Walikuja kutoka Makiso, kutoka Kabondo, wengine walivuka mto. Walileta majina ya watu wao. Walileta picha, chupa za maji ya baraka, kuku. Mama mmoja alileta viatu vya mtoto ili akionekana pekupeku, arudishiwe. Nitakwambia ukweli: nilitamani kunyamaza. Nilimwambia Prof, tuwafungulie tu, tusiseme ndiyo wala hapana, waangalie, warudi walale vizuri usiku mmoja. Kulikuwa na ubaya gani?

Prof alinitazama kwa namna ambayo hata Papa hakuwahi kunitazama. "Bon. Na wakiuliza juu ya kaka yako, utawaambia nini? Kwamba ulimuona?" Nikamsogezea gunia la kusimamia.

Akapanda kwenye gunia akawaambia. Aliwaambia wagawane wawili wawili, mke na mume, ndugu na ndugu. Mmoja aingie ndani, mwingine asimame barabarani juani na kuinua mkono. Kisha wabadilishane. Tulifanya hivyo mchana mzima. Aliye ndani alimwona wake ukutani, kichwa chini, anapunga mkono. Akitoka anamkuta palepale, mzima, jasho linamtoka. Prof alikuwa anarudia mpaka sauti ikamkauka: "Ukuta haijue mufu. Haina kitu yake yenyewe. Inaonyesha ule mwenye kusimama ku jua, na yeye peke yake."

Walielewa, Mama. Ndiyo sababu walikasirika. Mzee yule wa kofia alimwambia Prof kwamba wakati wa vita mtu hanyang'anywi hata kitu cha uongo kama ndicho alichobakiza. Mama wa viatu alivifunga kwenye pagne akaondoka bila kuaga. Wengi hawakurudi, na hao ndio wanaoeneza huko kwamba tulikuwa na wafu, tukawafukuza kwa ubishi wetu. Askari nao walikuja, wakataka kujua kwa nini watu wazima wanajifungia mchana. Mmoja aliona ukutani mwenzake aliyeachwa zamu barabarani, ananing'inia miguu juu na bunduki yake. Alitoka mbio, akaamuru tuzibe tundu. Tuliziba kwa sabuni. Walipopita kona tukaitoa.

Siku hizi watu ni wachache. Rangi imekwisha, nachora kwa makaa peke yake. Prof ameshikwa na malaria inayokwenda na kurudi, anafundisha amejifunika blanketi, meno yanagongana. Mvua nayo ikinyesha hatuna jua, tunakaa tu gizani tukisikiliza bati. Kuna siku najiuliza kama hii ni kazi ya mtu mwenye akili. Lakini Mama Justin bado anakuja, benchi la mbele, kama zamani. Nilimuuliza kwa nini, sasa anajua Justin hayupo pale. Akaniambia: "Nayaka kotala bato ya bomoi." Anakuja kuangalia watu walio hai. Nyumbani kwake, alisema, akitoka jikoni anaona kaburi, akirudi jikoni anaona kaburi. Hapa angalau watu wanapita, hata kama miguu iko juu.

Basi huyo ndiye mlozi wako, Mama. Nimekueleza yote. Sitafunga, na kurudi sitarudi sasa, ila naomba usinikataze kukuita mama, kwa maana nitaendelea kukuita tu.

Nisalimie watu. Msalimie Kavira, shemeji yangu, umwambie namkumbuka kwa uji wake wa mtama. Wasalimie watoto wa Paluku, na yule mkubwa aache kupanda lori linalotembea. Msalimie shangazi Kahindo anayeuza vitunguu sokoni, asipunguze mizani kwa sababu ya vita. Msalimie katekista, umwambie bado najua amri zote kumi na kwamba hakuna niliyoivunja ndani ya depo. Masika, wewe nakusalimia mwisho kwa sababu ndiwe unayesoma na umechoka.

Sasa, Masika, toa watu. Kavira aende kuangalia mbuzi, watoto waende naye. Funga mlango, ubaki na Mama peke yenu.

Mama, Tonton Kasereka alikuwa na ujumbe wako mwingine. Huo hakuusema siku ya kwanza. Alingoja mpaka jana tukifunga mizigo yake, akatazama nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema chini: "Mama yako aliniomba nikuulize tukiwa wawili tu. Wazee ya familia wanataka tukae kilio ya Paluku mbele ya Noeli. Wanasema imetosha. Yeye anakatala. Donc anauliza: kama ile mambo ya ukuta iko kweli, Paluku ameonekana?"

Nilikaa juu ya mzigo wake nikalia. Ulinigombeza mbele ya soko zima, na chini ya ugomvi ulikuwa umeficha swali hilo. Ningelijua ningekuandikia mapema.

Waliotoka njia ya Opala nimewauliza wote. Mmoja alisema alimwona mtu mrefu akiuza chumvi kando ya Lomami. Mwingine alisema huko hakuna mtu, ni vijiji vitupu. Mwingine alinihurumia akasema chochote. Ningeweza kukuandikia ndiyo, nimemwona ukutani. Ungekaa kilio, ungelia ukamaliza, na Kavira angejua kama yeye ni mke au ni mjane. Nimeshika kalamu tangu asubuhi nikilifikiria hilo. Lakini ukuta wetu hauna wafu, Mama. Anayeonekana pale ana mwili, amesimama juani mbele ya mlango wa Papa. Kwa hiyo kilio siwezi kukupa, kama nisivyoweza kukupa mtoto. Wazee waambie wewe, au waambie Kambale amekataa.

Kila mchana, mlango ukishafungwa, mimi nakaa benchi la mbele na Mama Justin. Prof anafundisha, watu wanacheka au hawacheki, mimi naangalia miguu, maana ukutani miguu ndiyo iko juu. Unajua Paluku anavyoutupa mguu mmoja pembeni tangu alipoanguka kwenye lori la Papa. Nitautambua hata ukiwa hewani. Siku nitakayokuandikia kwamba nimemwona ukutani, usiwashe mshumaa. Bandika chungu, umwite Kavira, kwa sababu atakuwa amefika mlangoni.

Bado hajapita.

Mwanao,
Kambale